Usiku wa Manane, Nani Yuko Zamu?

Serikali ya Kenya inajua matatu ya kawaida inafaa kubeba abiria wangapi. Ni 14. Tangu kanuni za Michuki zianze kutumika Februari 2004, polisi akihesabu vichwa akapata 15, kuna kesi, ama kuna kitu kidogo. Bucha ina kanuni zake. Kibanda cha chapati kinaweza kukaguliwa na afisa wa afya wa kaunti. Baa ina saa zake za kufungua na kufunga, hata kama sote tunajua mlango wa nyuma uko wapi.

Sasa niulize. Nyumba yenye wazee 30, kumi kati yao wakiwa hawawezi hata kujigeuza kitandani, inafaa kuwa na wahudumu wangapi saa tisa usiku? Tafuta jibu katika sheria zilizopitishwa na Bunge letu. Utatafuta mpaka kuche. Hakuna Sheria ya Bunge inayotaja nambari hiyo. Mwenye makao akisema mmoja anatosha, basi mmoja anatosha. Akisema soja wa geti atakuwa anachungulia wazee pia, basi soja amekuwa nesi. Wizara inaweza kuandika miongozo, lakini mwongozo haumpeleki mtu kortini.

Kila mara mjadala wa makao ya wazee ukizuka mitandaoni, tunapigana vita visivyo. Video inasambaa, mzee analia, na ndani ya saa moja tuko pale pale: Mwafrika halisi hampeleki mamake kwa nyumba ya wazee. Hayo ni mambo ya wazungu. Hiyo ni laana. Mwingine anajibu kwamba yeye ana kazi mbili na bedsita moja Roysambu, kwani amlaze mathe wapi? Tunatukanana siku mbili, kisha tunahamia mambo mengine. Swali ambalo lingemsaidia yule mzee wa kwenye video halijaulizwa: usiku ule, nani alikuwa zamu, alikuwa na watu wangapi mikononi mwake, na nani alipaswa kuja kumkagua?

Msimamo wangu ni huu: nchini mwetu, aibu imechukua nafasi ya sheria. Na aibu ina faida zake kwa watu fulani. Familia inayoona aibu haitembelei mara kwa mara. Inalipa kimya kimya kwa M-Pesa na kuwaambia majirani kwamba shosho yuko kwa binti yake Nakuru. Mwenye makao anaelewa vizuri kwamba mteja anayejificha ni mteja asiyelalamika. Mbunge naye anaelewa kwamba hakuna kura katika jambo ambalo watu wanaona haya kulitaja. Kila tunapopiga kelele kuhusu laana, tunawasaidia hao wawili kulala usingizi mnono.

Tuanze na hiyo hoja ya utamaduni, kwa sababu haitaondoka kwa kupuuzwa.

Sisemi familia zetu ni mbaya. Wazee wengi wa nchi hii wanatunzwa nyumbani, na wengi wanatunzwa vizuri, mara nyingi na binti mmoja ambaye maisha yake mwenyewe yamesimama ili kaka zake waendelee na yao. Lakini kusema kwamba nyumbani ni salama kwa kila mzee ni uongo, na tunajua ni uongo. Kama ingekuwa kweli, hakungekuwa na haja ya Kaya Godoma kule Ganze, kaunti ya Kilifi, ambako wazee waliotuhumiwa uchawi wamekuwa wakikimbilia ili wasiuawe. Huko kuna watu ambao mvi zao zilitosha kuwa ushahidi, na walioutoa ushahidi huo mara nyingi walikuwa jamaa zao.

Katiba yetu ya 2010 haikuwa na ndoto hizo. Ibara ya 57 inaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo na usaidizi kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Soma tena hapo mwisho: familia na Serikali. Waliotunga hawakuandika "familia, na ikishindwa, shauri yake". Kwa mujibu wa Ibara ya 260, mzee ni mtu aliyetimiza miaka 60. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wa umri huo kuwa karibu milioni 2.7. Hata kama ni wachache sana kati yao wanaoishi katika makao, haki zao haziishii getini.

Na wanaosema haya ni mambo ya wazungu, wasome nyaraka za Waafrika. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee ilipitishwa Januari 2016 na ikaanza kutumika 2024. Ina kifungu kizima kuhusu makao ya wazee, kinachozitaka nchi ziwe na viwango vya chini vya kitaifa vya huduma. Afrika Kusini ina Sheria ya Wazee ya 2006, iliyoanza kutumika 2010. Kule, kuendesha makao bila usajili ni kosa. Mkazi ana haki zilizoandikwa: kuwa na mtu wa kumwakilisha, kutembelewa, kukaa na vitu vyake, kuwa na faragha, kujua hali ya kifedha ya makao anayoishi, na kupewa ilani ya angalau siku 30 kabla ya kuhamishwa au kuondolewa. Tena kuna kamati ya wakazi. Wazee wenyewe wanakaa kikao kuzungumzia chakula chao na wahudumu wao. Hapo uafrika umepungua wapi?

Sisi je? Mwaka 2018 mswada wa utunzaji na ulinzi wa wazee uliwasilishwa katika Seneti. Haukufika kuwa sheria. Wakati huo huo, makao ya watoto yamekuwa na sheria tangu 2001, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaeleza nani anaweza kuyaendesha na nani ana mamlaka ya kuyakagua. Hilo ni jambo jema, na linathibitisha kwamba Bunge likitaka, linaweza. Mtoto wa miaka minne na shosho wa miaka 84 wote wanalishwa na mtu mwingine, wanavishwa na mtu mwingine, na hawawezi kutoroka. Mmoja ana sheria. Mwingine ana maombi.

Nilifanya kazi ya usiku kwa miezi minane katika makao fulani nje kidogo ya Nairobi. Sitayataja, kwa sababu sitaki ujifariji kwamba ni nyumba moja mbovu ikifungwa mambo yameisha. Tulikuwa wahudumu wawili kwa wakazi 31, na mwenzangu akiugua, nilikuwa peke yangu. Mafunzo yangu yalichukua jioni moja. Mama niliyempokea zamu alinionyesha zilipo glavu, daipa, na ufunguo wa kabati la dawa. Ufunguo wa dawa, bana, siku ya kwanza, kwa mtu ambaye hakuwa amewahi kusoma karatasi ya dawa ya presha.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye nitamwita Mwalimu tu. Akili yake ilikuwa inapotea jioni na kurudi asubuhi. Jua likizama alianza kutembeatembea akitafuta darasa lake. Alikuwa ameshaanguka mara mbili, kwa hivyo alifungwa kiunoni kwa leso kwenye kiti cha plastiki, ati asijiumize. Mama aliyemfunga hakuwa mkatili. Ndiye aliyemkata kucha, ndiye aliyemwimbia. Lakini alikuwa na watu wengine 30 wa kulisha na kulaza, na leso ile ilikuwa inafanya kazi ya mfanyakazi ambaye hakuajiriwa.

Chakula cha jioni kililetwa saa kumi na moja. Saa kumi na mbili kila mtu alikuwa kitandani, mwanga wa jua ukiwa bado dirishani. Zamu ya mchana ilikuwa inaisha, na ilikuwa lazima watu walazwe kabla wale wengi hawajaondoka. Watu waliowahi kuendesha biashara Gikomba, waliozika waume, waliosomesha watoto hadi chuo kikuu, walilazwa mapema kuliko watoto wa chekechea. Daipa zilihesabiwa mbili kwa siku, labda uharishe. Simu zilikaa ofisini. Pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi za waliofika miaka 70, ziliingia, lakini sikuwahi kumsikia mkazi hata mmoja akiulizwa angependa zitumike vipi. Mgeni wa ghafla aliambiwa wazee wanapumzika, arudi Jumapili.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kitu. Karibu kila haki iliyovunjwa pale ilivunjwa na upungufu wa watu. Ndiyo maana sikubali tunapozungumzia haki za wakazi upande huu na idadi ya wahudumu upande ule, kana kwamba la kwanza ni la mawakili na la pili ni la wahasibu. Haki ya kwenda choo inahitaji mtu wa kukushika mkono. Haki ya kukataa dawa inahitaji mtu mwenye muda wa kukueleza dawa hiyo ni ya nini. Haki ya kulala saa nne baada ya habari inahitaji mtu atakayekuwepo saa nne kukusaidia kupanda kitandani. Katiba haina mikono. Mikono ni ya mhudumu, na mhudumu ana miwili tu.

Hebu tupige hesabu. Hakuna hesabu ngumu hapa, ni ya kibanda.

Mtu asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Asipogeuzwa, nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kuanza kufa. Hivyo ndivyo vidonda vya kulalia huanza, na vikishaingia ndani vinaweza kumuua mtu kwa maambukizi. Tuseme kumgeuza mkazi mmoja, kuangalia ngozi yake, kumbadilisha daipa na kumpa maji kunachukua dakika 12. Katika nyumba yetu ya wakazi 30 wasiojigeuza ni kumi. Kumi mara 12 ni dakika 120, yaani saa mbili kamili. Ukimaliza wa kumi, wa kwanza amefika tena. Hapo hujaenda choo, hujajibu anayeita, hujabadilisha shuka, na wale wengine 20 hawajaamka hata mmoja. Pia nimefikiria kwamba unaweza kumgeuza mtu wa kilo 80 peke yako bila kumuumiza wala kuvunjika mgongo. Kwa hivyo nyumba hiyo ikiwa na mhudumu mmoja usiku, vidonda vya wakazi wake usiviite ajali. Vilipangwa siku rota ilipoandikwa.

Sasa tuangalie pesa. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwa nyumba za uuguzi: kila mkazi apate angalau saa 3.48 za huduma kwa siku, ndani yake saa 2.45 kutoka kwa wahudumu wasaidizi na 0.55 kutoka kwa muuguzi aliyesajiliwa, na muuguzi aliyesajiliwa awepo saa zote 24. Tukikopa kipimo hicho, wakazi 30 wanahitaji saa 104.4 kwa siku, ambazo ni karibu saa 731 kwa wiki. Mfanyakazi wa kawaida Kenya akifanya kazi saa 52 kwa wiki, unahitaji wafanyakazi 14. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua jijini, kilichowekwa Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Mara 14 ni kama shilingi 225,600. Gawa kwa wakazi 30, unapata takriban 7,520 kwa kila mkazi kwa mwezi.

Hiyo ni mishahara pekee, tena ya chini kabisa inayoruhusiwa. Hujalipa muuguzi anachostahili, hujalipa marupurupu ya nyumba wala siku za likizo, hujanunua unga, daipa, dawa, sabuni, hujalipa stima. Sasa weka hiyo 7,520 kando ya zile 2,000 za Inua Jamii. Ni karibu mara nne. Na makao yakikuambia yatamtunza mzee asiyejiweza kwa elfu nane kila kitu ndani, usishangilie bei. Jiulize ni nani hayupo usiku.

Mtu ataniambia, wewe unatuletea ya Marekani, na hata wao yamewashinda. Ni kweli, yamewashinda, na inafaa tujue kwa nini. Wenye nyumba walienda kortini, na Aprili 2025 jaji wa Texas akaifuta kanuni hiyo. Julai mwaka huo Bunge lao likapitisha sheria ya kuahirisha utekelezaji wake hadi 2034. Isitoshe, kanuni ile haikuwa imegusa kabisa yale makazi ambako mzee anakaa chumbani mwake na kusaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa. Hayo yako chini ya sheria za kila jimbo. Baadhi ya majimbo yanataja idadi, mengine yanataka tu wahudumu "wa kutosha". Uingereza nako kanuni inasema wawe wa kutosha na wenye ujuzi, bila nambari. Hilo neno "kutosha" wenye makao wanalipenda sana, kwa sababu kila mtu ana kutosha kwake. Funzo ninalochukua ni kwamba nambari ndiyo inayouma. Isingekuwa inauma, wasingeajiri mawakili kuipinga.

Lakini Marekani hiyo hiyo, tangu sheria yao ya 1987, inataka mhudumu msaidizi wa nyumba ya uuguzi apate angalau saa 75 za mafunzo na kupita mtihani, na inakataza kumfunga mkazi kwa sababu tu ya kuwarahisishia wahudumu kazi. Leso ya Mwalimu, katika nyumba kama hizo kule, ingekuwa kosa la kuandikiwa ripoti.

Na hapa ndipo hasira yangu inapanda, kwa sababu hizo saa 75 tunazijua. Nani kati yetu hana binamu Minnesota, Texas au Massachusetts aliyefika na digrii ya biashara, akasomea CNA, na sasa anawaosha wazee wa watu? Uingereza ilipofungua viza kwa wahudumu wa wazee Februari 2022, kikundi kipi cha WhatsApp hakikupata tangazo la ajenti? Watu waliuza shamba. Vyuo vikafunguliwa juu ya maduka ya simu. Halafu Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ukafungwa, na wengi wakabaki na cheti na deni. Kwa hivyo tusiambiwe kwamba Kenya haina watu wanaojua kumgeuza mgonjwa, kumlisha mtu asiyemeza vizuri, au kuongea na mtu anayesahau jina lake. Tunao. Tuliwafundisha kwa viwango vya shosho wa Minneapolis. Shosho wa Murang'a tumemwachia yeyote aliyekuwa anatafuta kibarua wiki hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kuna pingamizi mbili ambazo ni za kweli, na ninaziheshimu.

Ya kwanza inasema makao mengi ni ya makanisa na wahisani, yanaishi kwa michango, na ukiyawekea masharti makali yatafungwa na wazee watatupwa nje. Hofu hiyo si ya bure. Mwaka 2015 na 2016, mkoa wa Gauteng huko Afrika Kusini, ukitaka kupunguza gharama, uliwaondoa mamia ya wagonjwa wa akili kutoka vituo vya Life Esidimeni na kuwapeleka kwa mashirika ambayo hayakuwa na leseni halali wala watu wa kuwatunza. Watu 144 walikufa. Ushahidi uliotolewa mbele ya jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyeongoza usuluhishi, ulikuwa wa njaa, kiu, baridi na uzembe. Kwa hivyo simwambii mtu yeyote afunge nyumba kesho asubuhi na kuwapakia wakazi kwenye basi. Lakini angalia vizuri kilichowaua wale watu. Walipelekwa mahali ambapo hakuna aliyehesabu wahudumu kabla ya kuwapokea. Mkasa ule unatetea viwango. Haviwezi kupingwa kwa mkasa ule.

Njia ipo. Weka nambari katika sheria, toa muda wa kuifikia, tuseme miaka mitatu, na ulete pesa. Kama Serikali inakubali kwamba matunzo ni jukumu lake pamoja na familia, basi kila mzee asiyejiweza awe na fungu linalomfuata popote anapotunzwa, iwe ni katika makao ya kanisa au kwa binti yake kijijini. Nyumba inayojitahidi isaidiwe kuajiri. Nyumba inayokula pesa na kuficha rota ipokonywe leseni, na wakazi wahamishwe kwa utaratibu, kwa ilani, na kwa kuulizwa wanataka kwenda wapi.

Pingamizi ya pili ni kwamba hii kazi ni wito, na wito haupimwi kwa saa. Nimewaona wenye wito. Nimefanya kazi nao. Mama yule wa leso alikuwa na wito kuliko maaskofu wengi. Wito haukumwongezea mkono wa tatu. Tukimsifu kwa moyo wake huku tukimlipa chini ya kima cha chini na kumwachia watu 31, tunamtumia vibaya, na siku mzee atakapoanguka, yeye ndiye atakayepelekwa polisi, si bodi iliyoandika rota. Viwango vya wahudumu ni haki ya mkazi na ni haki ya mhudumu pia.

Ninachotaka si kingi, na kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Sheria itaje idadi ya wahudumu, mchana na usiku, kulingana na hali ya wakazi, na iseme wazi kwamba hakuna mhudumu atakayeachwa peke yake usiku katika nyumba yenye watu wasiojiweza. Kila mhudumu apate mafunzo kabla ya kumgusa mkazi, na dawa zisimamiwe na muuguzi aliyesajiliwa. Rota ya wiki ibandikwe getini, mahali mgeni anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Kumfunga mtu, kwa leso, kwa shuka au kwa dawa za usingizi, kupigwe marufuku isipokuwa kwa agizo la daktari lililoandikwa na lenye mwisho. Mkazi akae na simu yake. Pesa zake ziwe na daftari analoweza kuliona. Wageni waingie saa yoyote ya heshima bila kuambiwa warudi Jumapili. Wakaguzi waje bila kupiga simu kwanza, tena usiku, na ripoti zao zichapishwe. Kuwe na kamati ya wakazi, na mkazi anayelalamika asifukuzwe.

Utasema wewe bado ni kijana, haya yatakuhusu baadaye. Mamako ana miaka mingapi? Fanya hesabu hiyo sasa, kabla ya kiharusi kuifanya kwa niaba yako saa nane usiku, wakati kikundi cha familia kinapojaa emoji za maombi na hakuna anayesema nani atakaa naye kuanzia Jumatatu. Wengi wetu hatutaishi kijijini. Wengi hatuna chumba cha pili. Wengine watakuwa Doha au Leeds wakituma pesa. Baadhi ya wazazi wetu wataishia katika makao, na wengine watapenda iwe hivyo, kwa sababu wamechoka kuwa mzigo kwa binti mmoja. Si laana. Laana ni kuwapeleka mahali ambapo hakuna aliyewahi kuhesabu chochote.

Kwa hivyo ukienda kuangalia nyumba, maua ya mbele yaache. Chapeli iache pia. Nenda saa mbili usiku. Angalia kama kuna mtu amefungwa kitini. Uliza jina la aliye zamu leo, uliza wako wangapi, uliza nani anashika ufunguo wa dawa na alisomea wapi. Andika majibu na uyatume kwa mbunge wako na kwa seneta wako, mwezi huu na mwezi ujao, pamoja na swali lile lile kuhusu mswada wa wazee. Na msimamizi akisita kukuonyesha rota, usimwachie mzee wako hapo usiku huo.